Moto wa Maji Haukuchemsha Chikichi

Iko siku moja haitaki kunitoka kichwani, mwanangu. Papa alikuwa amesimama na jembe chini ya kilima chetu, upande wa Kigwena, anataka kupanda mikaratusi ya kuni. Kaka yangu mkubwa Melchior, mwalimu, akalishika lile jembe kwa upole, akamwambia asijichoshe.

Mimi darasa la tatu liliniacha, au niliacha mwenyewe, hilo wacha. Lakini hii mashine ya kukamua mawese niliijenga kwa mikono yangu. Ile ambayo ningerithi ilitupotea. Nakueleza ilivyopotea kwa sababu jana umenionyesha video katika simu, ukasema tung'oe miti yangu kilimani tulime kitu kingine, kwani moto wa atomu usiotaka joto umekaribia. Umeuita fusion baridi. Mwanangu, huo naujua tangu ujana wangu.

Melchior aliusikia redioni. Wataalamu wa ng'ambo walikuwa wamepitisha umeme katika chombo cha maji chenye kipande cha madini, wakasema limetoka joto kubwa kuliko umeme waliotia. Moto wa jua ndani ya chupa. Kaka alituchorea mchangani, akaeleza vizuri mpaka tukasahau njaa.

"Papa, mti unataka miaka. Moto huu ukikomaa, kuni hakuna atakayezitaka. Panda muhogo, tule."

"Na huo moto uko wapi?"

"Uko njiani."

"Hata mukwe wangu yuko njiani tangu Pasaka."

Tulicheka. Lakini Papa aliweka jembe chini. Alikuwa amemsomesha huyo mutoto kwa jasho, na mtu uliyemsomesha ni vigumu kumwambia hajui. Tukapanda muhogo.

Baadaye wataalamu wengine walijaribu jambo lile lile, chupa zao zikabaki na maji tu. Hiyo nayo ilisemwa redioni. Kaka akajibu kwamba subira huvuta heri. Sawa, lakini chikichi haina subira. Ukishakata vishada unavipika upesi, la sivyo mafuta yanachacha, hayafai mboga. Miaka ikapita, mikaratusi ile ingekuwa imekomaa, na msimu mmoja michikichi ilizaa sana, mvua ikaloesha makapi tuliyozoea kuchochelea moto. Msitu wa Kigwena unalindwa, vilima vingine vilikuwa uchi. Tulichoma boriti za kibanda, tukachoma milango. Mama alitoa kitanda chake bila kuombwa. Pipa la kupikia halikuchemka. Lundo la chikichi lilioza uani, harufu yake mpaka barabarani, na mafuta kidogo tuliyopata yalichukuliwa na wapika sabuni. Wateja wetu wa mafuta ya kula walihamia kwa wengine, hawakurudi.

Papa aliuza mashine. Miaka yake ya mwisho alizungusha mashine ya jirani, kibarua mwenye mvi. Melchior akaenda siku moja kumpokea mti wa kuzungushia. Papa hakuuachilia.

"Kuni ulizo nazo ndizo uotazo, mwalimu," alimwambia, akaendelea kuzunguka. Hakumwita tena "mwanangu" mpaka akafa, tukamzika.

Sisemi kaka alikuwa mjinga. Wala sisemi moto huo ni uongo, fizike siijui. Wewe mwenyewe umenisomea kwamba hata leo wanautafuta, leo wanaona dalili, kesho dalili imepotea, na hakuna aliyechemsha nao birika watu wakanywa chai. Labda wajukuu wako watauona. Mimi sitauona, na wewe sidhani. Najua taabu yetu: essence ya magari haipatikani, umeme unakuja unapotaka. Ndiyo maana habari kama hizi ni tamu. Mwenye njaa hachunguzi harufu inatoka jiko la nani.

Basi shika haya. Moto mpya ukikufikia, uliza kwanza umepika nini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Hiyo miti haing'olewi nikiwa hai, na nikifa, ukikata mmoja panda miwili. Fizike yako isome, usiiache, pengine ni wewe utakayeuleta huo moto. Ila mpaka siku hiyo, kuni ziwe zimekauka chini ya paa.

Imana, Mungu wetu, akujalie chungu kisichokosa moto, mwanangu, na ulimi wa kuwaambia watoto wako hapana, hata wakisoma kukupita.