Nyasi Zilizoachwa Bila Kuchomwa

Kila picha ya setilaiti ilipowekwa mezani, Shangazi Napanangka aliizungusha kwanza mpaka kusini yake ielekee kusini ya jangwa lenyewe. Aliizungusha hata siku ile ya moto.

Sisi walinzi wa ardhi, magharibi ya Alice Springs, katikati ya Australia, huchoma nyasi vipande vipande wakati wa baridi ili moto wa kiangazi ukose njia. Lakini shemeji wa Shangazi alipofia kambini kwake jangwani, desturi ya msiba iliifunga nchi ile, na kwa miaka hakuna aliyewasha kiberiti huko. Sasa mjane wake, Dulcie, dada yake Shangazi, alikuwa amerudi kambini. Pichani, moto wa radi ulikuwa magharibi yake, na katikati palijaa nyasi kavu tupu.

“Toka, dada!” Shangazi alisema redioni.

“Mwoga wewe tangu utotoni! Hata kenge alikukimbiza. Siondoki kwa sababu ya picha,” Dulcie akajibu.

“Basi kaa uchomwe kama tulivyomchoma huyo kenge, mbishi mkubwa!”

Kisha akachukua funguo za gari ili amfuate. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi.

“Niache, mwanangu. Kaa na picha na redio. Upepo ukigeuka niambie, hata kama mimi na dada hatuna tena pa kukimbilia.”