Siku Niliposimama Kanisani na Neno Lisilo Langu

Aibu yangu mimi haikunipata sokoni wala harusini, ambako mtu akiumbuka kuna kelele za kumfunika. Ilinipata mbele ya watu wanaoabudu kimya, na nawaambieni, hakuna pahali pabaya pa kuaibikia kama hapo, maana hata ukimeza mate unasikika. Miaka mingi imepita, na bado nikiikumbuka najifunika uso kwa upande wa leso hata nikiwa peke yangu jikoni. Leo nawasimulia, mcheke mpaka mchoke, halafu tuendelee na mambo yetu.

Kwanza mjue kanisa letu lilivyokuwa. Sisi tulikuwa Wakristo wachache sana pale Pemba, mwendo mfupi kutoka Chake Chake, tukikaa kwenye shamba la karafuu la misheni ambako babu na bibi zetu walipokewa walipoachwa huru (watumwa walipoachiwa, wengi wao hawakuwa tena na kwao pa kurudi). Ukituhesabu na watoto wachanga hatukufika arubaini. Na ibada yetu si kama ya Wakristo wengine mnaowajua, hatuna padri, hatuna kengele, hatuna maji ya ubatizo wala mkate na divai, na ukutani hakuna hata msalaba. Tunaamini kila binadamu, awe nani, ana nuru ya Mungu ndani yake, basi kazi yetu Jumapili ni kukaa kwenye mabenchi, kunyamaza na kumngoja Mungu. Akimgusa mtu, mwanamme au mwanamke, mtu huyo husimama, akasema alichopewa, akakaa. Asipoguswa mtu, saa hupita kimya, tukapeana mikono, tukaenda zetu. Majirani zetu Waislamu, watu wema kabisa, walikuwa wakitutania kwa hilo. Maalim Hamad, aliyekuwa na chuo chake cha Kurani juu ya kilima, aliwahi kuniuliza: "Yakhe Damari, nyinyi mle ndani mwaabudu au mwangoja gari?"

Na jengine, sisi hatuapi. Hata mbele ya hakimu hatuapi, kwa sababu kila neno la mtu linatakiwa liwe kweli, la Jumapili na la Jumatatu, sasa kiapo cha nini? Ndiyo mkae mkijua kosa langu lilikuwa zito kiasi gani.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa na Bibi Mariamu, mama yake mama yangu, aliyetulea mimi na kaka yangu Elia tangu wazee wetu walipofariki. Elia alikuwa seremala, na misheni ilimpeleka bara, mbali huko kwenye milima karibu na ziwa kubwa, akatengeneze mabenchi na milango, maana huko kanisa letu hilihili lilikuwa likikua mpaka nyumba za ibada hazitoshi. Aliaga kwamba atarudi karafuu zikiiva. Zikaiva, tukachuma, tukaanika, zikaiva tena, Elia hayupo. Ilikuja barua moja tu, kurasa mbili.

Kila siku alasiri Bibi akiweka chini ukili wake aliokuwa akisuka, huniambia, "Damari, hebu n'somee." Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, haoni hata mlango ulipo, lakini masikio, Mungu wangu! Nami nasoma, naye anatikisa kichwa palepale pa jana, anacheka palepale pa jana. Na mimi roho yangu inatoka pale barazani inakwenda huko, kwenye umati aliouandika Elia, kwa sababu nilitamani, jamani nilitamani, siku moja tu niabudu nikiwa mmoja ndani ya wengi, kuliko kuwa mmoja wa wale arubaini ambao nilikuwa nawajua hata vikohozi vyao.

Sasa Jumapili yenyewe. Alikuja mgeni kutoka ng'ambo, mama wa Kizungu mtu mzima, mwembamba, sauti ndogo, aliyekuwa akizunguka nchi kwa nchi kuyaangalia makanisa yetu. Mzee Yohana, aliyekuwa akituangalia sisi na ndiye peke yake aliyejua Kiingereza cha kutosha, akaamua vijana tukae benchi la mbele tuonekane. Mimi benchi langu lilikuwa la nyuma, dirishani, na (nisiwafiche) nililipenda kwa sababu gari la mbao la abiria kutoka bandarini lilikuwa likipita pale, na kila Jumapili nilikuwa nachungulia nione kama Elia yumo. Bibi asubuhi ile hakuja, magoti yalimkamata.

Tukakaa. Kimya kikatulia vizuri, kile cha kusikia karafuu mbichi zinaanguka nje. Mara nikasikia gari, na gari halikupita, lilisimama. Nikasikia mwanamme anacheka, na cheko lile, wallahi (ona, nimeapa), lilikuwa la Elia mtupu. Nikajiinua kidogo, sikuona kitu. Nikajiinua zaidi, kichwa cha mtu kimeziba. Nikasimama wima. Nikaona: ni mtu wa kijiji cha Kengeja anashusha mikungu ya ndizi.

Nilipogeuza uso, watu wote wameinamisha vichwa. Mgeni amefumba macho, mikono juu ya mapaja. Mzee Yohana amenitazama, akaniitikia kwa kichwa taratibu, kama anayesema, haya mwanangu, usiogope. Kwao wao nilikuwa nimeguswa.

Hapo ndipo ningekaa tu. Kukaa! Kitu cha kupinda magoti, na mambo yangeishia pale. Lakini niliona haya, nikafungua mdomo nikitaraji litatoka lolote la kiibada, na kilichotoka ni kile nilichokuwa nakijua kwa moyo.

"Niliwaona watu wakishuka milimani," nikasema, "kwa miguu, akina mama na watoto mgongoni, mpaka sikuona tena majani kwa wingi wa watu. Wakaimba, ardhi nikaihisi ikitikisika nyayoni. Kisha mzee mmoja akainua mkono, wakanyamaza wote, maelfu kwa maelfu, nikasikia ndege. Nikasema moyoni, sisi kule Pemba ni taa ndogo, lakini moto ni huu huu."

Nikakaa. Mzee Yohana akamtafsiria mgeni kwa sauti ya chini, na mgeni akatoa kitambaa akajifuta macho. Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta kamasi.

Tulipotoka nje, mgeni alinishika mikono yote miwili. Mzee Yohana akasema, "Anauliza umeanza lini kuyaona mambo haya."

"Siku nyingi," nikajibu (na ilikuwa kweli, Mungu anisamehe).

"Na hujawahi kutoka Pemba?"

"Sijatoka."

"Anasema basi ni nuru iliyokuonesha."

Nikanyamaza. Kwetu kimya ni ibada, lakini kile changu kilikuwa uongo mtupu. Na kabla sijajikusanya, Mzee Yohana na wazee wenzake wawili wakasogea pembeni, wakarudi na habari kwamba kila mwaka huko bara kuna mkutano mkuu, safari hii Pemba imeombwa itoe mtu mmoja, na mtu huyo, wameona wote, ni Damari.

Jamani. Niseme nini? Nilishajiona niko kwenye meli, nilishamwona Elia ameshika randa yake ananitazama haamini. Ningeweza kusema ukweli pale pale, maneno matatu tu yalitosha, "ni ya barua". Sikuyasema.

Alasiri Mzee Yohana akaalika na majirani waje wamsikilize mgeni, chai na mihogo ya nazi ipo. Wakaja wengi, Maalim Hamad na mkewe wakiwa mbele, na mke wa Maalim ndiye aliyemshika mkono Bibi yangu akamketisha kwenye kiti karibu kabisa nami. Mgeni akatundika ramani ya dunia ukutani. Akaeleza kanisa lilivyoanza kwenye nchi yao ya baridi, watu wakitiwa jela kwa kukutana na kunyamaza tu, likavuka bahari, likaingia huku na huku, na sasa, akasema, huko milimani karibu na ziwa wanaongezeka hivi kwamba siku moja watawapita wa kwao lilikotoka. Kisha akatutafuta sisi. Alipotupata, aliweka ncha ya kidole, na kidole kikaifunika Pemba nzima, sisi, karafuu zetu na mabenchi yetu. Nikaikazia macho ile nafasi ya karatasi iliyo baina ya kidole chake na lile ziwa. Nilitamani kulia.

"Sasa," akasema Mzee Yohana, "mgeni wetu anamwomba binti yetu ayarudie aliyopewa asubuhi, na majirani wasikie."

Nikasimama mara ya pili. Nikaanza, watu wakishuka milimani, akina mama na watoto mgongoni. Kwa pembe ya jicho nikamwona Bibi anatikisa kichwa, midomo yake inakwenda pamoja na yangu, uso umemchanua. Nikajua nimekwisha, lakini ningekomea wapi? Nikaendelea. Wakanyamaza wote, maelfu kwa maelfu, nikasikia ndege. Nikasema moyoni, sisi kule Pemba…

"Umeruka," Bibi akasema.

Nikajidai sikusikia. "Sisi kule Pemba ni taa…"

"Weye Damari, umeruka pale pa suruali!" Sauti yake, kwa sababu ya furaha, ilifika mpaka barabarani. "Baada ya ndege yaja 'baridi ya huku haina adabu, magoti yaniuma, nileteeni suruali yangu ya kaki ilo ndani ya sanduku', ndipo yaja hayo ya taa. Kila siku wasoma vyema, leo mbele ya watu wataka kun'fichia mjukuu wangu suruali yake?"

Kisha Maalim Hamad akaingiza mdomo ndani ya mkono wa kanzu, mabega yanatikisika, mkewe akamfuata, na baraza zima likaangua kicheko mpaka vikombe vikalia. Mgeni akawa anageuka huku na huku anauliza nini, nini, na Mzee Yohana, ambaye imani yetu haimruhusu uongo hata wa kumsitiri mtu, akavuta pumzi akamtafsiria yote, na suruali.

Kisha akanigeukia. "Ni barua ya nani, mwanangu?"

"Ya Elia."

"Na asubuhi ulisimama kwa ajili gani?"

"Nilisimama kutazama gari."

"Mimi niliuliza zamani!" Maalim Hamad akapiga paja. "Kumbe kweli mwangoja gari!"

Yeye alitania kwa wema, nami sikuwahi kumchukia kwa hilo, lakini pale nilitaka ardhi inimeze na leso yangu. Mgeni hakucheka. Alisema kitu kifupi, na Mzee Yohana akanipa: "Anasema maneno ya kaka yako ni mazuri. Anauliza, na wewe mwenyewe ulikuwa na neno gani?"

Sikuwa nalo. Nilikaa.

Njiani kurudi nyumbani nilimshika Bibi mkono. Akaniuliza, "Mbona wakicheka? Kwani suruali ni aibu?" Nikamwambia yote, tangu cheko la mtu wa Kengeja.

"Basi bara huendi tena?"

"Siendi, Bibi."

"Na miye nilikuwa nataka ukamwone," akasema, "uje unambie sura yake imekuwaje."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko vicheko vyote.

Aliyekwenda bara ni Mzee Yohana mwenyewe, na suruali aliibeba. Alirudi na salamu kwamba Elia ameoa huko, ana mtoto wa kike, anasema atakuja. Bibi alisikiliza, akashukuru, akauliza jina la mtoto. Kesho yake alasiri akaweka chini ukili wake, akataka ile barua ya zamani.

Alifariki mvua za masika zilipoanza. Ilikuwa ile miaka ya siasa kabla ya Mapinduzi, watu wa kijiji kimoja hawazikani kwa sababu ya vyama, lakini kwa Bibi Mariamu walikuja wa vyama vyote, na Maalim Hamad na wanafunzi wake walisimama nje ya mlango mpaka mwisho. Ndani tulikaa kimya, jeneza mbele yetu. Na neno likanijia. Lilikuwa dogo, halikutoka kwenye karatasi ya mtu, nililihisi kifuani linagonga. Mzee Yohana alinitazama akaona nimeguswa. Alingoja. Aliningoja muda mrefu kuliko alivyowahi kumngoja mtu.

Lakini mimi tangu siku ya suruali nilijiwekea sharti kwamba kusimama mle ndani basi, sitasimama tena maisha yangu, na niliogopa, nikashikilia benchi kwa mikono miwili. Mwishowe akampa mkono mwenzake wa karibu, ibada ikaisha, tukamchukua Bibi kumzika.

Kwa hiyo nisikilizeni nyinyi mlio hai: usiseme la mwenzako ukajidai ni lako, hilo nililipia mbele ya kijiji kizima. Lakini la kwako likija, simama, hata wakicheka. Langu lilikuwa hili: kwamba Bibi alimsubiri Elia miaka yote ile bila ya kumlaumu hata siku moja, na mimi nilikuwapo, nikimsomea. Hilo tu. Ningelisema siku ile.