Nukta Nyekundu ya Mwenyekiti

Juzi nilifuata muhuri kwenye ofisi moja ya mradi wa mpunga hapa Mpanda. Binti wa chuo aliyeko mafunzoni alikuwa amechora kwa R, programu ya kompyuta ya takwimu, mtandao wa wakulima wa Mwamkulu. Kila nukta ni mkulima, na kila mstari unaonyesha nani alimpa nani mbegu. Mwenye mistari mingi ndiye angekabidhiwa mbegu mpya awagawie wenzake. Katikati alikuwepo bibi mmoja wa Kisukuma, mistari imemzunguka kama utando wa buibui.

"Binti, mwenyekiti wa kikundi mbona umemtupa pembeni?" bosi wake akauliza.

"Sijamtupa, bosi. Hana mstari. Hakuna aliyemtaja."

"Mlete katikati. Mkubwa, mwekundu."

"Kumhamisha naweza. Mistari siwezi, mpaka agawe mbegu."

Bosi akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Mistari nani anaiangalia?"

Binti akaandika amri mbili tu. Mwenyekiti akatua katikati, mkubwa kama sahani.

Jana nikaenda kwenye mkutano wa wakulima kujionea. Picha ilipowekwa ukutani, mwenyekiti akarekebisha koti. Mama mmoja akanyoosha kidole: "Huyo mwekundu ni nani? Mbona wote wanamkwepa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ilipopigwa kura ya nani apewe mbegu, mikono yote ikaenda kwa bibi, hata wa mke wa mwenyekiti.

Nyie wakubwa wetu, katikati mtawekwa kwa amri mbili. Kupata mstari mmoja tu, hata huo mwembamba, lazima mumpe mtu kitu.