Kifungo Upande wa Kulia

Mtoto wa mdogo wangu tunamwita Cherehani kwa sababu ya mguu wake. Akikaa tu kwenye kiti, mguu wa kulia unaanza kupiga chini ya meza kama mtu anayeshona gauni linalotakiwa leo leo. Hata kwenye ibada mkewe humwekea mkono gotini. Ana miaka thelathini na sita na watoto wawili, na mguu haujakua.

Taabu ni kwamba kazi yake ni ya kukaa. Tuko naye katika jumba moja la kuhifadhi vitu vya kale. Mimi nashona nguo za pamba za kuvisha vyombo visigongane, yeye anavipiga picha za ndani kwa mashine ya mionzi. Chombo kimoja kinatoa picha mia tisa, nyembamba kama kurasa. Kwenye kompyuta kuna programu inayozipanga mpaka chombo kinakuwa kizima tena, halafu anakikata atakavyo, kwa urefu, kwa upana au mshazari, kwa kuzungusha kigurudumu cha kipanya. Chombo chenyewe kiko kabatini, hakina hata mkwaruzo. Siku ya kwanza kunionyesha nilimshukuru Mungu kwa akili alizowapa watu.

"Subiri, mama mkubwa," akasema. "Hapo bado sijakata."

Mwezi uliopita ukaletwa mtungi wa kuazima, wa mkono mmoja wa kushikia, mdomo umezibwa kwa udongo tangu zamani. Kwenye picha upande mmoja zilionekana punje zimeganda ukutani, na upande wa pili ufa, wa ndani kwa ndani, nje huuoni. Wenyewe walikubali litobolewe tundu moja tu, punje zitolewe zikachunguzwe. Wa kuonyesha pa kutoboa ni Cherehani, na ametia sahihi kwamba anajua mtungi ulivyo ndani. Keekee ya kutobolea ikiingia penye ufa, mtungi umekwisha, na hakuna wa pili wake.

Basi siku tatu hakukalika naye. Chai anaiacha inapoa, anafungua picha, anafunga, anatoka mpaka getini, anarudi kufungua tena.

Asubuhi ya kutoboa niliuvua mtungi nguo yake, yeye akaupiga alama ya chaki. Fundi wa kutoboa, mama mmoja asiye na haraka na dunia hii, akaanza kuukaza mezani.

"Cherehani, kaa," fundi akasema. "Unanitikisia sakafu."

"Nikikaa ndio naitikisa."

"Katembee basi."

"Nimetoka huko sasa hivi."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na nguo mkononi, naangalia kompyuta. Mtungi ulikuwa mzima pale, mkono wake umetuelekea, na pembeni kiduara chenye vitobo vinne.

"Kile nini?"

"Kifungo chako hicho, niliupiga picha ukiwa na nguo yake. Cha plastiki, hakinisumbui."

Nikafurahi kuona kazi yangu imeingia humo. Halafu furaha ikanikaa vibaya. Nikaitazama nguo, nikaitazama kompyuta, nikaitazama tena nguo. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mashine ile ilinunuliwa kwa fedha za jumba zima. Nikajiambia, nyamaza wewe. Lakini fundi alikuwa ameshawasha keekee, na nikaona kunyamaza kule nitakuja kuulizwa.

"Mwanangu, mbona kiko kushoto?"

"Ndivyo ulivyoshona."

"Mimi? Miaka kumi na tisa nashonea kulia."

"Mama mkubwa, labda siku ile ulichoka."

Niliuvisha mtungi nguo yake. Ina mpasuo wa kupitishia mkono, huwezi kuivisha vingine. Mkono ukatuelekea, kifungo kikakaa kulia.

Fundi akazima keekee. "Mimi sitoboi mpaka ndugu mpatane."

Cherehani akakaa. Akatazama kompyuta, na nadhani mguu ulikuwa umetulia.

"Kwenye picha ulitoka kichwa chini," akasema taratibu. "Mashine ilianzia kitakoni. Nilitaka kuusimamisha. Badala ya kuuzungusha nikazipanga picha kinyume, ya mwisho ikawa ya kwanza. Mdomo ukaja juu, nikaridhika. Kumbe nimeufanya kama ulivyo kwenye kioo."

Akabonyeza, akabonyeza tena. Kifungo kikahamia kulia, na zile punje zikahama nacho. Chaki yake ilikuwa imekaa juu ya ufa. Akaifuta kwa kidole gumba, akachora nyingine upande wa pili. Fundi akawasha tena keekee, akatoboa.

Punje zilitoka saba, nyeusi, ndogo kuliko mtama, zikamiminika kwenye karatasi. Mtungi ukabaki umesimama. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, nikafikiri sasa mtoto wa watu atakunywa chai.

"Na ule mtungi mwekundu?" Cherehani akasema. "Ule tuliourudisha kabla ya mvua. Nao ulitoka kichwa chini, na nimeandika kwenye taarifa ufa uko wapi."

"Si haujatobolewa?" fundi akamjibu. "Haraka ya nini?"

"Haujatobolewa bado." Alikuwa ameshaanza kuzitafuta zile picha zake. "Mama mkubwa, nguo yake unayo?"

Ninayo, situpi kitu. Nikaenda kuitafuta sandukuni, na huko nyuma yangu meza ilikuwa imeanza tena kugonga.