Ufuko Wetu Ulipopata Msemaji

Kijiji chetu kiko karibu na Matema, ufukoni kabisa mwa ziwa. Kwetu vijana wa rika moja hujenga pamoja, mbali na nyumba za baba zao, kwa hiyo tulikuwa sisi, wake zetu, na migomba ambayo hata haijazaa.

Mwaka ule Wadachi waligawa nchi upya. Kila eneo lilitakiwa litoe mtu mmoja wa kulisemea bomani. Lisilo na mtu lingebaki chini ya jumbe wa milimani, ambaye ziwa hulitazama kwa mbali tu. Huyo ndiye aliyekuwa akitutoa tukabebe mizigo ya boma wakati uleule wa kupanda mpunga, wake zetu wakabaki na tope peke yao.

Wenzangu wakanikamata mkono mbele ya wazee: nimechaguliwa! Labda kwa vile nilisoma kidogo misheni, labda kwa vile napenda kuongea. Mke wangu anasema ni hilo la pili.

Afisa alipokuja na daftari lake, mkalimani akaniuliza, "Wewe ndiye?"

Sasa, kwetu mtu aliyelelewa hakubali ukubwa mara ya kwanza. Ataitwa mroho. Nikainama. "Hapana, bwana. Mimi mtoto tu, wapo wanaonizidi."

Wazee wakatabasamu, wameridhika. Mkalimani, mtu wa pwani asiyejua desturi yetu, akatafsiri hivyohivyo. Afisa akapiga mstari, akafunga daftari.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kasema hamna mtu. Mtabaki chini ya mlima."

Nikawatazama wenzangu, mabega yao yenye sugu za mizigo. Nikasimama wima nikapaza sauti, "Mimi ndiye! Naweza!"

"Mama yangu!" shangazi yangu akafunika uso. "Mtoto huyu hana haya!"

Rika langu likaangua kicheko hadi afisa akageuka. Akauliza nataka nini. Nikasema: mvua za kupanda zikianza, asichukuliwe mtu ufukoni mpaka miche ishike. Akafungua daftari, akaandika jina langu na ombi hilo.

Nilimsindikiza baba kurudi kwake. "Umetuaibisha," akasema. Hatua chache mbele akaongeza, "Ndaga, mwanangu." Asante hiyo sikuitarajia.

Mvua zilipoanza, rika zima tuliinama majarubani, na wake zetu wakatucheka kwamba hata kushika mche tumesahau.