Mwanafunzi wa Vyungu

Efrazia hakumwamini msichana yule tangu alipoteremka kwenye lori la mboga. Malindi nzima, ile ya milimani kwa Washambaa, ilimjua Efrazia kwa vyungu vyake, na kwa mdomo wake pia. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyemfikisha mgeni mlangoni.

"Huyu ni Mwamvita, kwao Tanga. Anasomea uhandisi Dar es Salaam. Atakaa nawe wiki sita umfundishe kufinyanga."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uhandisi si ndio kujenga madaraja? Chungu cha nini?"

"Chuo kinataka tujifunze kazi za mikono kwa wananchi, mama. Tunapewa maksi."

Efrazia akaguna. Mwaka ule wa sabini na tano watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na kila mgeni mwenye daftari alikuwa na lake jambo. Jioni alimnong'oneza jirani yake Yunis kwa Kishambaa kwamba huyu katumwa kuchungulia mashimo yao ya udongo. Kesho wangesikia ni mali ya serikali.

Basi akamfundisha nusunusu. Udongo wake mwenyewe aliuchanganya na mchanga kabla mgeni hajaamka. Wa Mwamvita aliuacha mtupu. Msichana alifinyanga wiki tatu, kucha zimejaa tope, asilalamike. Siku ya kuchoma, vyungu vyake vyote vinne vilipasuka motoni, pa! pa! Vya Efrazia vikatoka vizima.

Efrazia alingoja msichana alie, afunge mizigo. Mwamvita akachuchumaa, akaokota kigae, akakitazama palipovunjika. Kisha akaenda kwenye udongo wa mwenyeji wake, akaupapasa.

"Wako unakwaruza, mama. Wangu ulikuwa laini kama unga. Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia umefuata nini."

Msichana akakaa chini. "Mwaka jana tulichora tangi la maji la kijiji kimoja huko tambarare. Hesabu zote sahihi. Likajengwa, na miezi michache baadaye likabaki tupu. Chemchemi yake hukauka kila kiangazi. Wanawake wa pale walijua; hatukuwauliza. Mwalimu wetu akasema, kabla hamjachora kingine, nendeni mkafundishwe na mtu asiyewaogopa."

Efrazia alimtazama sana. Maneno mazuri alishayasikia tele mikutanoni. Hata hivyo aliona aibu kwa vile vyungu. Asubuhi alimpeleka shimoni, ila kwa njia ya kuzungukazunguka, asije akaikariri.

Miaka mitatu baadaye Mwamvita alirudi akiwa mhandisi wa maji. Ramani aliiacha garini, akaomba aonyeshwe maji yanakopita wakati wa masika. Efrazia alitembea naye kutwa, akamwonyesha mteremko unaoporomoka na chemchemi isiyokauka. Bomba likapitishwa alikosema yeye, na maji yakafika.

Lakini kiangazi chote cha kwanza Efrazia hakuacha kufyeka njia ya kisima cha zamani.