Kitufe cha Kutazamia Mazishi

Mwaka wa pili wa korona nilikuwa nimechoka mpaka nywele. Nilifanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee huku ughaibuni, Campbelltown, zamu ya asubuhi, na kila siku nilichokolewa pua kwa kijiti kabla ya kuruhusiwa kuingia. Nikirudi mchana nilivua nguo mlangoni, nikaoga, kisha nikakaa tu. Hata kuchemsha chai kulikuwa mtihani.

Ndipo mama mmoja wa kanisani kwetu, Mkongomani wa Bankstown, akafiwa na mumewe. Siku nyingine tungejaa kwake kabla jua halijatua, huyu na sufuria, yule na blanketi, mwingine na sauti yake ya kuimba basi. Safari hii tulikatazwa kutoka mitaani kwetu, na makaburini waliruhusiwa watu kumi. Alinipigia simu, akaongea bila kulia, jambo lililoniumiza kuliko kilio.

“Dada yangu, sisi ya huku tutavumilia. Shida ni mama mukwe, kule Uvira. Huyu ndiye mutoto wake ya mwisho. Anaomba kitu moja tu, aone vile wanamuweka mu udongo.”

“Usijali, mama,” nikamjibu. “Kampuni ya mazishi itaweka kamera, irushe live. Mimi nitatengeneza page, iko na button moja kubwa. Anabonyeza tu, anaona.”

Nilijiona fundi. Kabla ya kuhamia huku nilichora tovuti katika kiduka cha intaneti Nairobi, enzi ambazo kitufe kisichong’aa hakikuwa kitufe. Siku hizi wamevibapaza vyote, huwezi kujua kipi ni cha kubonyeza na kipi ni pambo. Mzee anataka kuona kitu kimevimba, kinachoomba kidole. Kwa hiyo nikafungua programu yangu ya zamani ya kuhariri picha na kuanza upya.

Kwanza unachora mstatili wenye pembe za mviringo. Unaupaka rangi nzito chini, inayofifia kadiri inavyopanda. Juu yake, katika tabaka la peke yake, unaweka yai jeupe lililolala, unalififisha mpaka libaki kama mwanga wa dirisha kwenye sahani iliyooshwa. Kisha kivuli chembamba chini. Nilichagua zambarau. Ndani ya picha hiyohiyo nikaandika kwa herufi nyeupe: TAZAMA MAZISHI. Nilitumia alasiri mbili. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Kwa miezi mikono yangu ilikuwa imefanya kazi ya kufuta na kugeuza watu tu.

Nikaihifadhi kwa ubora wa juu kabisa ili mng’ao usichakae. Kule kidukani kwetu kosa hilo lingenifukuzisha kazi, maana mtandao ulitambaa na kila picha ilibidi ikondeshwe kwanza. Lakini huku ukurasa ulifunguka kabla sijaondoa kidole, nami nikasahau nilikotoka. Kundi la kanisa likanisifu kwenye simu, kitufe kizuri kama peremende, na kichwa kikavimba.

Mazishi yalikuwa saa tisa alasiri, kwao Uvira saa moja asubuhi. Niliyatazama nimekaa kitandani na sare ya kazi, siku hiyo sikukumbuka hata kuivua mlangoni. Jeneza la kahawia, watu kumi waliosimama wameachana, mchungaji akipigana na upepo na karatasi zake. Yule mama alisimama peke yake, hakuna wa kumshika mkono. Nililia, kisha nikalala kama gogo.

Kesho yake yule mama alinitumia picha iliyotoka Uvira. Bibi mzee amekaa kwenye mkeka, majirani wamemzunguka, na mbele yake simu imeegemezwa kwenye kikombe. Nikaikuza picha. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mstatili mweupe wenye mstari mwembamba pembeni, na ndani hamna kitu. Nilijua vipimo vyake, nilivipanga mwenyewe. Kitufe changu kizito kilikwama kwenye mtandao wa kule, na maneno yalikuwa ndani yake. Hawakujua kwamba pale palikuwa mahali pa kubonyeza.

Nikampigia mara moja.

“Mama, mkwe wako amesema nini?”

“Ametuma sauti. Anasema merci kwako. Anasema waliimba saa muzima, akawekea sanduku mukono, akamuaga. Lakini anasema sanduku ilikuwa nyeupe. Ya bwana yangu ilikuwa kahawia.”

Ningeweza kusema ni mwanga wa kamera. Uongo ulikuwa mdomoni tayari. Nikamwambia yote: picha nzito, maneno niliyoyafungia ndani yake, na kwamba kampuni ya mazishi haikuhifadhi video. Nilimwambia kwamba bibi hakuona jeneza wala kaburi, alikaa saa nzima mbele ya mstatili mtupu, kwa sababu mimi nilitaka kitufe king’ae.

Nilisikia akivuta kiti, akikaa.

“Aliiwekea mukono,” akasema hatimaye. “Miye walinikataza kugusa.”

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu afiwe, nami nikabaki kwenye simu.

“Usimwambie, dada,” akasema alipopata pumzi. “Umuachie ile yake nyeupe.”